Kuflashi simu bila kuruti

Kuflashi simu bila kuruti ni kazi ya kuondoa programu dhibiti iliyomo ndani ya simu janja na kuweka nyingine mahali pake, bila kumpa mwenye simu wala programu zake mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Programu inayowekwa inaweza kuwa ileile ya mtengenezaji, toleo lake jipya zaidi, au mfumo mbadala uliotengenezwa na watu wengine, kwa mfano LineageOS.

Nchini Tanzania kazi hii hufanywa hasa na mafundi simu, kuanzia maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi vibanda vya miji ya wilaya kama Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya. Watu wengi hudhani kwamba simu haiwezi kuwekewa mfumo mwingine mpaka irutiwe kwanza. Kwa simu za leo sivyo ilivyo. Kinachoamua ni kufuli la butiloda, na kuruti ni jambo la pekee linaloweza kufanyika au kuachwa. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mahali ambapo simu ndiyo pochi ya mwenyewe, kwa sababu ruti hufungua mlango wa kufikia data za fedha, na uflashi usio makini unaweza kuiondoa simu kwenye mtandao kabisa.

## Istilahi

Programu dhibiti ni jumla ya programu ambazo mtengenezaji huziandika kwenye kumbukumbu ya kudumu ya simu. Katika simu ya Android zinajumuisha butiloda, kerneli ya Linux, mfumo wenyewe wa Android, na programu ya modemu inayoshughulikia mawasiliano na minara. Mafundi huziita kwa pamoja "romu" au "faili la simu".

Kuflashi ni kuandika upya programu hizo. Jina linatokana na kumbukumbu ya flashi, aina ya kumbukumbu ambayo haifutiki umeme unapokatika. Neno hili lisichanganywe na "kuflashi" la Kenya lenye maana ya kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa, jambo ambalo Tanzania huitwa kubipu.

Butiloda ni programu ndogo inayoanza kufanya kazi mara tu simu inapowashwa. Kazi yake ni kukagua mfumo na kuupakia. Ikiwa imefungwa, hukubali tu mfumo wenye sahihi ya kidijitali inayotambulika. Ikifunguliwa, huruhusu pia mifumo mingine.

Kuruti ni kujipatia mamlaka ya mtumiaji mkuu, ambaye katika mifumo ya jamii ya Unix hupewa jina lenye maana ya "mzizi". Mwenye mamlaka hayo anaweza kusoma, kubadili au kufuta faili lolote ndani ya simu.

## Tofauti kati ya kuflashi na kuruti

Android hutenga kila programu katika eneo lake. Programu ya picha haiwezi kusoma mafaili ya ndani ya programu ya benki, kwa sababu kerneli huzihesabu kama watumiaji wawili tofauti. Kuruti huondoa mipaka hiyo kwa programu yoyote iliyopewa ruhusa ya mtumiaji mkuu.

Kuflashi hakugusi mipaka hiyo. Fundi anapoweka mfumo mpya kupitia waya wa USB, uandishi unafanywa na butiloda au chipu ya simu wakati Android imezimwa. Mfumo mpya ukiwaka, unajenga mipaka yake upya kama kawaida. Kwa hiyo hali nne zinawezekana:

- simu yenye mfumo wa mtengenezaji, bila ruti, kama inavyotoka dukani;
- simu yenye mfumo wa mtengenezaji iliyorutiwa;
- simu yenye mfumo mbadala, bila ruti;
- simu yenye mfumo mbadala iliyorutiwa.

Makala hii inahusu hali ya tatu, pamoja na kazi ya kurudisha simu kwenye hali ya kwanza.

## Historia

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa HTC Dream, iliyotoka Marekani mwaka 2008. Wakati huo kuflashi mfumo mwingine na kuruti vilikwenda pamoja kweli. Butiloda ilikuwa imefungwa bila njia rasmi ya kuifungua, hivyo wabunifu walitafuta kasoro ndani ya Android, wakapata mamlaka ya mtumiaji mkuu, kisha wakayatumia kuandika mfumo mpya. Moja ya kasoro hizo ilikuwa ya ajabu: kila kilichochapwa kwenye kibodi ya simu kilipokelewa pia kama amri ya mtumiaji mkuu. Aliyeandika neno la Kiingereza la kuwasha upya katikati ya ujumbe aliona simu yake ikizima na kuwaka tena.

Mwaka 2009 Steve Kondik alianzisha CyanogenMod, mfumo mbadala uliopata watumiaji wengi duniani. Mwaka huohuo Google iliupinga kwa sababu ulikuwa ukisambazwa pamoja na programu zake zisizo huria. Tangu hapo mifumo mingi mbadala hutolewa bila programu za Google, na mtumiaji huziongeza mwenyewe akizihitaji.

Januari 2010 Google ilitoa simu ya Nexus One, ambayo butiloda yake ingeweza kufunguliwa kwa amri moja kutoka kwenye kompyuta. Kuanzia hapo haikuwa lazima tena kutafuta kasoro wala kuruti ili kubadilisha mfumo. Mwaka 2012 CyanogenMod yenyewe ilitangaza kwamba kuanzia toleo lake la 9 ruti itakuwa imezimwa hadi mtumiaji aiwashe, ikieleza kuwa watu wengi hawaihitaji na kwamba inapunguza usalama. Mradi huo ulifungwa Desemba 2016 na kurithiwa na LineageOS, ambayo nayo hutolewa bila ruti.

Mwaka 2017, pamoja na Android 8.0, Google ilileta mpango wa Treble. Mpango huo ulitenganisha sehemu ya Android na sehemu ya mtengenezaji wa chipu. Matokeo yake ni mfumo wa jumla, unaojulikana kwa kifupi kama GSI, ambao faili moja linaweza kufanya kazi kwenye simu za kampuni tofauti zenye aina moja ya prosesa.

## Ukaguzi wakati wa kuwaka

Simu za Android za sasa hukagua mfumo kila zinapowashwa. Butiloda hulinganisha sahihi ya mfumo na ufunguo ulio ndani ya simu, na matokeo hugawanywa katika hali nne zinazotajwa kwa rangi:

- Kijani: butiloda imefungwa na mfumo ni wa mtengenezaji. Hakuna onyo linaloonekana.
- Njano: butiloda imefungwa, lakini mfumo umetiwa sahihi kwa ufunguo uliowekwa na mwenye simu. Onyo huonekana kwa muda mfupi.
- Chungwa: butiloda iko wazi. Simu huonya kwamba haiwezi kuthibitisha mfumo, kisha inaendelea kuwaka.
- Nyekundu: ukaguzi umeshindwa, au mfumo umeharibika. Kwa kawaida simu hukataa kuwaka.

Simu yenye LineageOS kwa kawaida hubaki katika hali ya chungwa. Haina ruti, lakini mtu akiishika mkononi pamoja na kompyuta anaweza kuandika kitu kingine juu ya mfumo. Hali ya njano ni salama zaidi. Mifano inayojulikana ni GrapheneOS na CalyxOS kwenye simu za Google Pixel, ambako mtumiaji huweka mfumo mbadala kisha huifunga butiloda tena kwa ufunguo wa mfumo huo. Aina nyingi za simu haziruhusu hatua hiyo ya mwisho, na kufunga butiloda juu ya mfumo usiotambulika kunaweza kuizuia simu isiwake.

## Njia zinazotumika

### Programu dhibiti rasmi

Hii ndiyo njia ambayo mafundi wengi huitumia, mara nyingi kwa simu iliyoganda kwenye nembo, inayojizima na kujiwasha, au iliyojaa programu hasidi. Faili la mtengenezaji tayari lina sahihi inayotambulika, kwa hiyo butiloda haihitaji kufunguliwa wala simu haihitaji kurutiwa. Vifaa hutofautiana kulingana na chipu na kampuni.

Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion ya China, hutumia chipu za MediaTek au Unisoc. Zile za MediaTek huandikwa kwa programu ya SP Flash Tool, ikiongozwa na faili dogo la maandishi linaloorodhesha kila sehemu ya kumbukumbu na mahali inapoanzia. Zile za Unisoc, kampuni iliyoitwa zamani Spreadtrum, hutumia faili moja la aina ya "pac" lenye sehemu zote ndani yake.

Simu za Samsung hutumia programu ya Odin na mafaili manne yenye alama BL, AP, CP na CSC. Faili la nne huja kwa namna mbili: la CSC hufuta data zote za mtumiaji, na la HOME_CSC hujaribu kuzihifadhi. Kuweka faili rasmi kwa njia hii hakubadilishi alama ya Knox. Kuweka mfumo usio rasmi huibadilisha kutoka 0 kwenda 1, na haiwezi kurudi 0, hata mfumo rasmi ukirejeshwa.

### Mfumo mbadala

Mfumo mbadala huhitaji butiloda iliyofunguliwa. Kampuni hazina sera moja. Xiaomi humtaka mtumiaji awe na akaunti yake na kusubiri muda uliopangwa. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Samsung kwa miaka mingi iliziacha wazi simu zake za baadhi ya masoko na kuzifunga za mengine. Orodha rasmi ya LineageOS ina simu nyingi za Google, Xiaomi, Motorola na OnePlus, lakini simu za bei nafuu zinazotumika sana Afrika Mashariki ni nadra kuwemo.

### Mfumo wa jumla

Kwa simu ambayo haina mfumo mbadala uliotengenezwa mahususi kwa ajili yake, GSI ndiyo njia inayobaki. Fundi huandika sehemu ya mfumo tu na kuziacha sehemu za chipu na modemu zilivyo. Simu zilizotoka na Android 9 au zaidi zinapaswa kuweza kuwaka na faili hilo. Kuwaka, hata hivyo, si sawa na kufanya kazi yote: kamera, redio ya FM au kitambuzi cha alama za vidole vinaweza kukosa kuitikia.

Kuanzia Android 10 kuna pia njia ya kupakia GSI kwa muda bila kufuta mfumo wa awali. Simu ikizimwa na kuwashwa upya hurudi kwenye mfumo wake wa zamani. Njia hii hufaa kwa kujaribu.

## Hatua za kawaida

Utaratibu hutofautiana kati ya simu na simu, lakini kazi makini hufuata mpangilio huu:

1. Kutambua simu. Jina la kibiashara halitoshi. Simu mbili zenye jina moja kwenye kava zinaweza kuwa na chipu au kioo tofauti. Namba ya modeli na namba ya toleo husomwa kwenye mipangilio au kwenye kibandiko ndani ya simu.
2. Kuandika namba za IMEI. Huonekana kwa kubonyeza \*#06#. Simu ya laini mbili ina namba mbili.
3. Kuhifadhi nakala rudufu. Picha, majina ya watu na mazungumzo huhamishwa. Kufungua butiloda hufuta data zote za mtumiaji kwa makusudi, ili mwizi asiweze kuzisoma kwa njia hiyo.
4. Kukumbuka akaunti ya Google. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila kutoa akaunti huomba jina na nywila ya awali kabla ya kutumika tena.
5. Kuchaji betri angalau zaidi ya nusu.
6. Kuruhusu ufunguzi, endapo mfumo ni mbadala, kupitia mipangilio ya msanidi programu, kisha kwa amri ya Fastboot kutoka kwenye kompyuta.
7. Kuhakiki faili. Tovuti nyingi huweka pamoja na faili namba ndefu ya uhakiki. Namba hiyo ikitofautiana na ile inayotokea kwenye kompyuta, faili limeharibika au limebadilishwa.
8. Kuandika mfumo na kuacha waya bila kuguswa hadi kazi iishe.
9. Kuwasha na kukagua: mtandao wa laini zote mbili, IMEI, Wi-Fi, kamera, spika na kuchaji.

Hakuna hatua yoyote kati ya hizi inayohitaji kuruti. Maelekezo ya aina hii yakimtaka mtumiaji aweke kwanza programu ya kuruti kwa mguso mmoja, hiyo ni dalili ya kutilia shaka chanzo chake.

## Fedha za simu

Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008. Baadaye zilifuata huduma za kampuni nyingine, kama Airtel Money, HaloPesa, na Tigo Pesa ambayo tangu mwaka 2024 huitwa Mixx by Yas. Mkulima wa chai au ndizi wa Rungwe anaweza kuwa na fedha za mauzo yake kwenye laini kabla hajakanyaga benki. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye simu kwa kawaida ni kama fedha zake zitaendelea kupatikana baada ya kuflashi.

Fedha zenyewe hazimo ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye mitambo ya kampuni na kufungwa na laini pamoja na namba ya siri. Kufuta simu hakugusi salio. Menyu ya namba, kama \*150\*00# ya Vodacom au \*150\*60# ya Airtel, hupitia modemu moja kwa moja kwenda kwenye mtandao. Menyu hiyo haikagui mfumo wa Android, na inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi.

Hali ni tofauti kwa programu za simu janja zinazopakuliwa. Nyingi kati ya zile za benki na fedha huuliza huduma ya Google ya Play Integrity, iliyochukua nafasi ya SafetyNet, kama simu ni ya kuaminika. Simu iliyorutiwa mara nyingi hukataliwa. Simu yenye mfumo mbadala bila ruti inaweza pia kukataliwa ikiwa butiloda yake iko wazi, kwa kuwa ukaguzi huangalia kufuli hilo pia. Aliyewekewa programu dhibiti rasmi huku butiloda ikiwa imefungwa hakutani na tatizo hilo.

Kukataliwa huku ni usumbufu, lakini sababu yake ni ya kweli. Kwenye simu yenye ruti, programu hasidi iliyopewa ruhusa inaweza kusoma namba ya siri inapochapwa, ujumbe mfupi wa uthibitisho unapoingia, na data za programu ya benki zilizohifadhiwa ndani.

## Namba ya IMEI na sheria

IMEI ni namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa rajisi ya namba tambulishi za vifaa vya mkononi, na inakataza kubadilisha namba hizo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu zote zilizokuwa na namba bandia. Mwananchi anaweza kuhakiki simu kwa kutuma namba yake ya IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Kuflashi na kubadilisha IMEI ni mambo mawili tofauti. Hata hivyo, kosa moja la kiufundi linaweza kuyakutanisha. Katika simu za MediaTek, IMEI na vipimo vya redio vya kila simu huhifadhiwa katika sehemu ya kumbukumbu inayoitwa NVRAM. Mtengenezaji huijaza kiwandani, na faili la programu dhibiti halina nakala yake. Programu ya SP Flash Tool ina chaguo la kuandika tu, lisilogusa sehemu hiyo, na chaguo la kufuta kumbukumbu yote kabla ya kuandika, linaloifuta. Anayechagua la pili bila kuhifadhi nakala huiona simu ikiwaka vizuri, lakini bila IMEI sahihi, na mara nyingi bila mtandao. Fundi akiandika namba ya simu nyingine ili kuziba pengo hilo, amevuka kutoka kwenye ajali na kuingia kwenye kosa la jinai. Ndiyo maana hatua ya pili hapo juu, pamoja na kuhifadhi NVRAM, hutangulia kila kitu kingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, inalinda taarifa za watu dhidi ya kutumiwa bila ridhaa yao. Picha na mazungumzo ya mteja ambayo fundi huyahamishia kwenye kompyuta yake ili kutunza nakala ni taarifa za namna hiyo. Desturi nzuri ni kuyafuta mbele ya mteja baada ya kuyarudisha.

## Mazingira ya Rungwe

Tukuyu iko kwenye barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi wa Kasumulu, kwenye miteremko ya kusini ya milima ya Rungwe na Poroto. Eneo hili ni kati ya yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, ambapo kiwango chake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mazingira ya aina hii huathiri kazi ya kuflashi kwa njia tatu.

Kwanza ni unyevu. Simu iliyonyeshewa shambani, au iliyokaa mfukoni mwa koti bichi, hupata kutu kwenye tundu la kuchajia. Dalili zake hufanana na za mfumo ulioharibika: simu hujizima, huganda, au haisomwi na kompyuta. Kuflashi hakuponyi maunzi. Zaidi ya hayo, waya ukipoteza mawasiliano katikati ya kuandika butiloda, simu iliyokuwa na tatizo dogo inaweza kufa kabisa. Kusafisha tundu hutangulia kuflashi.

Pili ni umeme. Kompyuta ya mezani huzima umeme wa gridi unapokatika. Kompyuta ndogo yenye betri nzima huendelea hadi kazi iishe.

Tatu ni ukubwa wa mafaili. Programu dhibiti ya simu ya sasa mara nyingi huzidi gigabaiti 2, na kifurushi cha intaneti cha kuipakua ni gharama halisi. Hali hiyo huwavuta watu kwenye mafaili yanayopokezanwa kwa kadi za kumbukumbu, ambayo asili yake haijulikani. Kurudia uhakiki wa namba, kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya saba, hakuhitaji kupakua faili upya. Kunahitaji tu namba sahihi kutoka kwa aliyelitoa.

## Faida na hatari

Faida kubwa ni kurefusha maisha ya simu. WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye matoleo ya Android yaliyo chini ya 5.0, na programu nyingine huacha matoleo ya zamani mwaka hadi mwaka. Simu ambayo mtengenezaji wake ameacha kutoa masasisho inaweza kupata toleo jipya na marekebisho ya usalama kupitia mfumo mbadala. Marekebisho hayo, hata hivyo, hayafiki kwenye programu ya modemu na ya chipu, ambazo hubaki mikononi mwa mtengenezaji.

Faida nyingine ni kuondoa programu hasidi zilizojificha ndani ya mfumo. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba ilikuta programu za xHelper na Triada kwenye simu za Tecno W2 katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia na Afrika Kusini. Programu hizo ziliwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua na kumaliza salio lao. Transsion ilisema chanzo kilikuwa ni muuzaji mmoja katika mnyororo wa ugavi. Programu iliyowekwa ndani ya mfumo haitoki kwa kurejesha simu katika hali ya kiwandani, kwa sababu kazi hiyo hufuta data za mtumiaji tu. Huondoka mfumo unapoandikwa upya kwa faili safi.

Hatari kuu ni hizi:

- Faili la modeli nyingine. Kioo kinaweza kuwa cheusi, kuitikia kinyume, au simu isiwake tena.
- Kurudi toleo la nyuma. Simu nyingi za sasa huandika ndani ya chipu namba ya toleo la chini linalokubalika. Faili la zamani kuliko hapo hukataliwa, na kwa baadhi ya simu huizuia isiwake.
- Kupoteza data, dhamana au IMEI, kama ilivyoelezwa hapo juu.
- Mfumo wa mtu asiyejulikana. Aliyetengeneza mfumo ana uwezo wa kuweka chochote ndani yake. Simu inaweza kuwa haina ruti kwa mwenyewe, huku mlango wa nyuma ukiwa umeachwa wazi kwa mtu mwingine.

Simu iliyoshindwa kuwaka lakini bado inatambuliwa na kompyuta kwa kawaida huweza kuokolewa kwa kuandikiwa programu dhibiti rasmi ya modeli yake. Ile isiyotambuliwa kabisa huhitaji kufunguliwa na chipu yake ya kumbukumbu kuandikwa moja kwa moja kwa kifaa maalumu, kazi inayoweza kugharimu karibu bei ya simu nyingine ya mkononi. Kwa sababu hiyo, faili rasmi la modeli husika hupakuliwa na kuwekwa tayari kabla ya kujaribu mfumo mbadala.